Ng'ombe wanatafuna mifupa wakati majani ni mabichi: nini kimepungua malishoni?

Swali: "Mtaalamu, salamu. Nina ng'ombe 22, wengi wao majike. Wanachungwa kutwa kwenye majani ya Gini na brakiaria, na upande mmoja kuna setaria niliyoipanda mwenyewe. Mvua zikiwapo majani yanafika magotini na jioni wanarudi matumbo yamejaa. Lakini wanatafuna mifupa, vitambaa, hata magome ya nguzo za uzio. Jike akishazaa, unapita mwaka na zaidi kabla hajashika mimba tena, na ndama wanakua polepole. Jiwe la chumvi lipo zizini mwaka mzima. Niliambiwa ni minyoo, nikawapa dawa, hali haikubadilika. Je, majani yangu hayana madini? Kama hayana, niwape nini, na wakati gani?"

Ndugu yangu mfugaji, tuanze na mifupa, maana hiyo haiwezi kusubiri nimalize maelezo ya majani. Kabla ng'ombe hawajatoka tena, pitisha watu malishoni waokote kila mfupa, kila pembe, kila mabaki ya mzoga, hata ganda la kobe aliyefia kichakani. Wavichome, au wavifukie chini sana mahali ambapo mbwa hawatavifukua. Kwenye mzoga unaooza huzaliana bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na sumu anayoitoa ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Kipande cha mfupa chenye nyama iliyokaukia juu yake kinatosha kumlaza ng'ombe mzima. Huanza kuyumba miguu ya nyuma, kisha anashindwa kuinuka, ulimi unalegea, mate yanachuruzika kwa kuwa hawezi kuyameza, na mwisho pumzi inakatika. Akishafika hapo, tiba huwa imechelewa. Chanjo ipo. Muulize daktari wako wa mifugo, na umweleze waziwazi kwamba ng'ombe wako wanatafuna mifupa.

Ugonjwa huo ndio uliotufundisha jibu la swali lako. Kule Afrika Kusini wafugaji waliuita lamsiekte, nao ulikuwa ukiua ng'ombe wengi. Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyeanzisha kituo cha utafiti cha Onderstepoort mwaka 1908, alipiga kambi na wenzake kwenye shamba la Armoedsvlakte karibu na Vryburg. Jina la shamba hilo lina maana ya "tambarare ya umaskini", na hakika umaskini wake ulikuwa ardhini. Walifuatilia chanzo hatua kwa hatua kurudi nyuma: sumu ilitoka kwenye mizoga, ng'ombe aliila kwa sababu alitafuna mifupa, alitafuna mifupa kwa sababu mwili wake ulikosa fosforasi, madini yanayojenga mifupa, mwili ulikosa kwa sababu majani yalikosa, na majani yalikosa kwa sababu udongo haukuwa nayo ya kutosha. Walipowapa ng'ombe unga wa mifupa iliyosafishwa, waliacha kuokota mifupa porini, wakaongezeka uzito, na majike wakazaa vizuri zaidi. Hayo yalijulikana katika miaka ya 1920, na bado nakutana na mifugo inayougua vilevile huku mwenye mifugo akiwa hajawahi kusikia neno fosforasi.

Kwa dalili ulizozitaja, yaani kutafuna mifupa, kuchelewa kushika mimba na ndama kudumaa, yote yakitokea wakati majani ni tele, tuhuma yangu ya kwanza ni fosforasi. Kuna jambo moja ningependa ulishike kabla ya mengine: fosforasi hupewa ng'ombe wakati majani ni mabichi. Wafugaji wengi hufanya kinyume. Wanaona majani yamekauka, wanaogopa, wananunua madini. Mvua ikirudi wanaacha, wakidhani ardhi sasa imechukua zamu. Nitaeleza kwa nini hilo linawagharimu.

Kwanza, hilo jiwe la chumvi. Chumvi ni sodiamu na klorini. Kwa uzito, sodiamu ni karibu asilimia 39. Fosforasi haimo hata kidogo, isipokuwa mtengenezaji ameiongeza. Geuza mfuko usome. Ukikuta jiwe lako lina fosforasi asilimia 2, na ng'ombe analamba gramu 50 kwa siku, amepata gramu 1 tu. Utaona punde kwamba anadai mara kadhaa ya hiyo. Jiwe gumu lina kasoro nyingine: ulimi hauwezi kuchota kingi kutoka humo, hata mnyama akitaka.

Ng'ombe ana hamu ya kweli ya sodiamu. Akiikosa anajua anachotafuta: analamba jasho la mwenzake, mkojo, udongo, mpini wa jembe lako. Akiipata, anatosheka. Kwa fosforasi hana ujuzi ulio wazi namna hiyo. Anapatwa na uchu usioeleweka, anaanza kujaribu kila kitu kigumu kinachofika mdomoni. Nakumbuka jike mmoja mwekundu aliyesimama katikati ya majani mabichi yaliyomfika tumboni, mfupa wa goti umekaa kando ya taya, kichwa amekiinamisha upande, mate yananing'inia kama uzi hadi chini. Aliutafuna mfupa ule karibu robo saa bila kuyatazama majani. Ukimwekea mnyama kama huyo unga wa fosfeti, yaani chumvichumvi yenye fosforasi, peke yake, ajabu ni kwamba mara nyingi ataunusa na kuondoka. Ndiyo maana chumvi hatuitupi. Inakuwa chambo cha kumvutia kwenye fosforasi.

Sasa majani yenyewe. Chuma chipukizi moja la majani ya Gini ulichambue kiganjani. Juu kabisa kuna jani changa ambalo bado limejisokota. Chini yake kuna jani lililofunguka, laini, la kijani cha kukolea. Chini zaidi kuna jani la zamani lenye ncha ya njano, kisha ala inayolikumbatia shina, kisha shina lenyewe. Fosforasi ndani ya mmea inatembea. Jani la chini likianza kuzeeka, mmea huichukua kutoka humo na kuipandisha kwenye jani changa, baadaye kwenye mbegu, na nyingine inashuka mizizini. Kalsiamu haihami: ikishakaa kwenye jani, inabaki humo mpaka jani lianguke. Kwa hiyo jani la njano bado lina kalsiamu yake, ila fosforasi imeshaondoka.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "majani ya Gini yana fosforasi kiasi gani?" namrudishia swali: ya umri gani, na sehemu gani ya mmea? Nyasi za kitropiki zikiwa changa, kwenye udongo wa wastani, zinaweza kuwa na fosforasi asilimia 0.2 hadi 0.3 ya uzito mkavu, yaani uzito unaobaki maji yakishatolewa. Zikichanua zinashuka, na zikisimama kavu kiangazi mara nyingi huwa chini ya asilimia 0.1. Kalsiamu kwa kawaida huwa kati ya 0.3 na 0.5, na haitetereki sana. Malisho yako kufika magotini si kosa. Hasara inaanza unapoyaacha yafike kifuani, yakawa mashina na mbegu, ndipo unaingiza ng'ombe.

Umri wa majani hata hivyo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko ardhini. Udongo mwingi wa nchi za joto ni mzee: umenyeshewa na kusuuzwa miaka mingi mno, na kilichobaki ni chuma na alumini kwa wingi. Madini hayo mawili huishika fosforasi kwa nguvu, hasa udongo ukiwa na tindikali, na mizizi inapata masalio. Unaweza kuwa na udongo mwekundu unaoota majani marefu ya kupendeza huku kila kilo ya majani hayo ikibeba fosforasi kidogo sana. Nyasi za kitropiki zina ustadi wa kukua kwa fosforasi haba. Hiyo ni nguvu kwa mmea, ila anayelipa ni ng'ombe.

Tupige hesabu ya jike mmoja. Tuseme ana kilo 400, anatoa lita 8 za maziwa na anakula kilo 9 za majani kwa uzito mkavu. Kila lita ya maziwa inaondoka na karibu gramu 1 ya fosforasi. Ukijumlisha mahitaji ya mwili wake, na ukikumbuka kwamba si yote anayokula inafyonzwa, anahitaji gramu 20 hivi kwa siku. Majani yenye asilimia 0.15 yanampa gramu 13 na nusu. Zinapungua gramu 6 au 7 kila siku, katika msimu ambao wewe unautazama na kusema "Alhamdulillahi, majani yapo."

Upungufu huo anautoa wapi? Anautoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Karibu asilimia 80 ya fosforasi ya mwili wa ng'ombe imo kwenye mifupa, na jike anayenyonyesha anakopa humo. Kukopa ni kawaida, hata ng'ombe wa malisho bora hukopa miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, kisha hurudisha. Wa kwako hawarudishi. Wanaingia mimba inayofuata na deni, au hawaingii kabisa, kwa sababu mwili uliokaukiwa hutanguliza uhai wa mnyama na kuahirisha kizazi. Hapo ndipo unapata jike asiyepata joto kwa mwaka mzima ingawa mbavu hazionekani sana. Tazama pia wanavyotembea: mgongo umepinda kidogo, hatua fupi, vifundo kama vimekaza. Deni likiwa kubwa sana, mbavu au nyonga huvunjika kwa msukosuko mdogo tu.

Sasa turudi kwenye wakati. Kiangazi, majani yakikauka, protini nayo hushuka. Ikifika chini ya asilimia 7 hivi, bakteria wa tumbo la kwanza, wale wanaoyeyusha nyuzi za majani, wanaanza kukosa chakula chao. Majani yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anakula kidogo, anakonda. Mnyama anayekonda haoti mfupa mpya, hajengi nyama, maziwa yamepungua au yamekoma. Mahitaji yake ya fosforasi nayo yameshuka. Ukimpa fosforasi hapo bila protini, umemletea msumari fundi asiye na mbao. Anachokihitaji kwanza wakati huo ni majani yaliyokatwa mapema na kukaushwa vizuri, mikunde, au mashudu.

Mvua zikianza mambo yanageuka ghafla. Protini na nguvu vinapanda kwa pamoja, ndama wanataka kukua, majike yanafurika maziwa, mwili mzima unaagiza fosforasi, na majani hayawezi kuifikisha kwa kasi hiyo. Kwenye udongo maskini, fosforasi ndiyo inayokuwa breki wakati huu. Gramu moja unayompa masika inageuka maziwa na mifupa ya ndama; gramu hiyohiyo ukiitoa kiangazi, nyingi yake inatokea nyuma. Kama una uwezo wa kununua fosforasi kwa miezi michache tu ya mwaka, nunua ya miezi ya majani mabichi, na uanze mapema, mvua za kwanza zinapochipua majani.

Kuna hali moja ya kutofautisha. Majike unayoyakamua na kuyapa pumba za ngano au mashudu wakati wa kukamua, hao fosforasi wanaipata humo, kwa kuwa pumba na mashudu zinayo nyingi, karibu asilimia 1 au zaidi. Kinachowapungukia ni kalsiamu, na kwao kijiko cha chokaa ya mifugo kina maana kuliko fosfeti. Hukuniambia kama unatoa chakula cha ziada, kwa hiyo nachukulia ng'ombe wako wanaishi kwa malisho peke yake.

Mchanganyiko ni huu. Nunua daikalsiamu fosfeti ya daraja la mifugo, ambayo kwa kawaida ina fosforasi asilimia 18 hivi na kalsiamu inayozidi 20. Sehemu mbili za fosfeti hiyo, sehemu moja ya chumvi ya kawaida, kwa uzito. Lengo ni kila ng'ombe mzima ale gramu 60 kwa siku: humo mna gramu 40 za fosfeti, yaani fosforasi gramu 7, ambazo ndizo zilizopungua kwenye hesabu yetu, na gramu 20 za chumvi zinazomtosha sodiamu. Kwa ng'ombe 22 ukihesabu wote kama wazima, ni kilo 1.3 kwa siku, kilo 9 na kidogo kwa juma. Pima unachoweka na pima kilichobaki kila juma, uandike. Bila daftari hilo utakuwa unakisia tu.

Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama, ondoa jiwe la chumvi. Likibaki zizini, ng'ombe watamaliza hamu yao ya sodiamu hapo na unga wako watauruka. Sodiamu yao yote ipitie kwenye mchanganyiko. Majani ya Gini yana tabia ya kubeba sodiamu kwenye majani yake udongo ukiwa nayo, sawa na nyasi za Rhodes na pangola, tofauti na nyasi za kikuyu, mahindi au mtama ambayo huizuia isipande. Kwa hiyo huenda mvuto wa chumvi kwako ukawa dhaifu. Ukiona hawaufikii unga, ongeza chumvi kidogo, au koroga molasi au konzi za pumba mpaka wazoee. Majuma ya kwanza wengine watakula kupita kiasi kwa sababu ya njaa ya muda mrefu, kisha watatulia. Maji ya kunywa yasikosekane kamwe penye chumvi.

Hori liwe na paa, maana fosfeti ikilowa inaganda kama saruji na hakuna ulimi utakaoigusa. Liwe karibu na maji au kivuli wanapopumzikia. Liwe refu kiasi kwamba mitamba na majike wanyonge wapate nafasi wakati wababe wamejipanga upande mmoja. Nimeona hori zuri lililojaa kila siku, na waliokuwa wakilitumia ni madume matatu yasiyo na shida yoyote.

Usimpe ng'ombe mbolea ya fosfeti ya shambani kwa kudhani ni kitu kilekile. Mbolea hizo na miamba ya fosfeti ambayo haijasafishwa huwa na floridi, nayo huharibu meno na mifupa ileile unayotaka kuiokoa. Magadi nayo yana sodiamu, hayana fosforasi, na baadhi yana floridi nyingi. Unga wa mifupa ulitumika miaka mingi, lakini tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe nchi nyingi zimepiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua, na mifupa iliyochomwa nusunusu nyumbani inaweza kubeba bakteria wale niliowataja mwanzoni. Fosfeti ya kiwandani inatosha.

Sasa setaria yako. Ni majani mazuri yenye hila moja: ina oksalati nyingi, kemikali ambayo mmea huitengeneza wenyewe, hasa ikiwa changa na imepata mbolea ya naitrojeni. Oksalati huishika kalsiamu ikageuka fuwele zisizoyeyuka. Maabara itakuandikia kalsiamu ya kutosha, kumbe sehemu yake imefungwa. Ng'ombe ana bahati kwamba tumboni mwake wamo bakteria wanaovunja oksalati, lakini wanahitaji siku kadhaa kuongezeka. Hatari ni kuwafungulia ng'ombe wenye njaa, au jike aliyezaa juzi, waingie kwenye setaria inayong'aa na kujaza tumbo kwa mara moja. Kalsiamu ya damu inaanguka, wanatetemeka, wanalala kama wenye homa ya maziwa, ule ugonjwa wa jike aliyetoka kuzaa kuishiwa kalsiamu ya damu. Wape majani mengine kwanza, uwaingize setaria saa chache kwa siku, uwaongezee muda kidogo kidogo kwa juma moja. Punda au farasi wasiishi humo kabisa. Wao hawana kinga hiyo, na mifupa ya uso wao huvimba kwa kunyang'anywa kalsiamu.

Madini mengine nitayapita haraka, kwa kuwa dalili zako hazielekei huko. Magnesi na potasiamu mara nyingi hutosha kwenye nyasi za kitropiki zikiwa kijani. Potasiamu huoshwa na mvua kwenye majani yaliyokauka yakiwa yamesimama. Shaba ndiyo ningeifuatilia baada ya fosforasi. Ng'ombe huhitaji karibu miligramu 10 kwa kila kilo ya majani makavu, na nyasi nyingi hazifiki hapo. Molibdenamu, salfa na chuma vikizidi huizuia isifyonzwe hata ikiwapo. Tazama rangi ya manyoya: mweusi akigeuka kutu, mwekundu akififia kuwa wa manjano, na miduara ya kijivu ikizunguka macho. Ukiweka shaba kwenye mchanganyiko, kondoo wasilifikie hori hilo. Kiasi kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumuua kondoo. Seleniamu nayo mpaka wa dawa na sumu ni mwembamba, usiicheze bila vipimo. Ndama akizaliwa na uvimbe kooni, fikiria madini joto, yaani ayodini.

Kobalti inastahili sentensi zaidi, kwa kuwa inafanana sana na njaa. Kwenye udongo wa majivu ya volkano kuzunguka Nakuru, Kenya, ng'ombe walikuwa wakikonda hadi kufa katikati ya majani mabichi, na hali hiyo ikapewa jina la ugonjwa wa Nakuru. Mwaka 1935 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kukonda kwa namna hiyo kwa kondoo na ng'ombe wa kwao kulitokana na ukosefu wa kobalti, na mwaka 1948 ikajulikana kwamba kobalti ndiyo kiini cha vitamini B12 ambayo bakteria wa tumboni humtengenezea ng'ombe. Kinachohitajika ni miligramu 0.1 tu kwa kilo ya majani makavu. Ila mnyama asiye na kobalti hukataa chakula, na wako wanashiba. Ndiyo maana siielekezi kidole.

Ungependa uhakika wa maabara, na ni vizuri. Lakini sampuli mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa na sampuli. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikata majani kwa panga usawa wa kifundo cha mguu, mashina na makavu yote ndani, nikapata namba ndogo mno, nikamwagiza mfugaji madini ambayo mifugo yake haikuyahitaji. Bado linaniuma. Ng'ombe haumi kama panga. Huzungusha ulimi kwenye majani ya juu na kuacha mashina. Mfuate jike mmoja hatua chache nyuma, tazama anachochagua, nawe uchume hicho hicho kwa mkono. Vaa glovu, kwa kuwa jasho la vidole lina sodiamu ya kutosha kudanganya kipimo. Usitumie mkasi au ndoo ya bati, zinki yake itaingia kwenye sampuli. Chuma sehemu 20 au zaidi, ruka mahali palipo na samadi au mkojo, kung'uta vumbi lakini usioshe, weka kwenye mfuko wa karatasi, ukaushe siku hiyohiyo. Majibu yakionyesha chuma kingi ajabu, mara nyingi huo ni udongo uliong'ang'ania majani. Fanya hivyo mara mbili: katikati ya masika, na kiangazi kinapoanza.

Kwa mnyama mwenyewe, daktari anaweza kupima fosforasi ya damu kwa majike wanaonyonyesha wakati majani ni mabichi. Kalsiamu ya damu haitakuambia lolote kuhusu malisho, kwa sababu homoni huishikilia mahali pamoja kwa kukomba mifupa. Kipande kidogo cha mfupa wa ubavu kinasema ukweli zaidi kuliko damu, ingawa kinahitaji fundi wa kukitoa.

Umeniuliza habari za majani, kwa hiyo niseme pia kuhusu kuyaboresha. Mbolea ya fosfeti ardhini huongeza majani na fosforasi iliyomo, na kwenye eneo dogo la kukata inafaa. Kwenye malisho mapana, kumpa ng'ombe moja kwa moja mdomoni ni njia fupi zaidi. Mikunde ipande kwa ajili ya protini na kalsiamu, inazo nyingi kuliko nyasi, ila usiitegemee kwa fosforasi. Stailo, kwa mfano, inapendwa kwa sababu inastahimili udongo usio na fosforasi, na jani lake linabaki maskini wa fosforasi vilevile. Lukina, mti wa jamii ya mikunde, ni protini tupu ya kupendeza, lakini sodiamu yake ni ndogo; atakayeilisha kwa wingi asisahau chumvi.

Uchu wa mifupa hautakoma siku ya kwanza. Wapo wanaoacha baada ya majuma machache, na wapo waliokwisha zoea ambao wataendelea kuokota kwa muda, ndiyo maana usafi wa malisho uendelee hata hori likishajaa. Mimba zitachukua muda zaidi, kwa kuwa deni la mifupa linalipwa polepole. Andika tarehe ya kuzaa ya kila jike na tarehe ya kwanza unapomwona ana joto, kuanzia sasa. Masika haya yakiisha niandikie, ukiambatisha daftari la hori, majibu ya majani ya nyakati mbili, na unieleze kama setaria iliwahi kukulaza mnyama. Nataka hasa kujua wale majike waliozaa mwanzoni mwa mvua wamechukua siku ngapi kupata joto tena.